Nyumba Njema si Mlango: Juu ya Nyumba za Jamaa Katika Kisiwa cha Bali

Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii twaifundisha shuleni kila mwaka, na watoto huieleza vema. Lakini sisi tunaoandika habari za mila za watu ndio tunaoisahau upesi. Tukifika kwenye sura ya nyumba, twahesabu nguzo, twataja kama ezeko ni la nyasi au la makuti, twapima urefu na upana, kisha twapita kwenda kwenye sura ya arusi na mazishi, kana kwamba nyumba ni chombo kitupu ambamo desturi hukaa, wala si desturi yenyewe. Leo twataka kuonyesha hasara ya mwendo huo kwa kuichungua nyumba moja ya mbali, iliyoandikwa sana na kusifiwa sana, na hata hivyo mara nyingi imeelezwa vibaya: nyumba ya jamaa katika kisiwa cha Bali.

Bali ni kisiwa cha nchi ya Indonesia, mashariki ya Java. Wakaaji wake wapita milioni 4, na walio wengi hufuata dini ya Kihindu kwa namna yao wenyewe, ingawa watu wengi wa Indonesia ni Waislamu. Safu ya milima yakikata kisiwa toka upande hata upande, na mlima mkubwa kupita yote ni Gunung Agung, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, ambao ulilipuka kwa nguvu nyingi mwaka 1963. Msomaji na aukumbuke mlima huo, maana bila mlima hataielewa nyumba.

Katika vitabu vilivyoitangaza nyumba hii ulimwenguni, kimojawapo kilichosomwa sana ni kile cha Miguel Covarrubias, mchoraji wa Meksiko, kilichotolewa mwaka 1937 kwa jina la Island of Bali. Humo aliandika ya kuwa Wabali husema nyumba ni kama mtu: mahali pa ibada ni kichwa, majengo ya kulala na ya kupokea wageni ni mikono, uwanja wa katikati ni kitovu, lango ni viungo vya uzazi, jiko na ghala ni miguu, na shimo la takataka ni pale mwili utoapo uchafu wake. Mfano huu umerudiwa na waandishi wengi baada yake, hata watu wengi wasiojua neno jingine lolote juu ya Bali wajua hilo. Tutauliza je, mfano huo watufaa kwa kadiri gani, nao watupotosha wapi. Hukumu yetu ni ya msomaji na mwalimu wa lugha, si ya msafiri.

Kwanza, basi, na tuingie. Jamaa moja, yaani baba na wanawe waliooa na wajukuu, hukaa katika kiwanja kimoja kilichozungushiwa ukuta. Kiwanja hicho huitwa karang. Lango lake, angkul-angkul, ni jembamba lenye paa dogo juu. Ukishapita, hukuti uwanja mbele yako, bali ukuta mfupi uitwao aling-aling, nawe huna budi kugeuka kando ndipo uingie. Wenyeji waeleza ya kuwa pepo wabaya hupenda kwenda moja kwa moja, na kugeuka ni taabu kwao. Lakini ukuta huo wazuia vilevile macho ya mpita njia yasichungulie mambo ya watu. Ukigeuka, waona uwanja uliofagiwa vizuri, uitwao natah, nao umezungukwa na majengo yaliyoachana, kila moja lina kazi yake.

Jengo la namna hii huitwa bale, na neno hilo lataka maelezo. Ni jengo lenye sakafu iliyoinuliwa, nguzo za mti na paa, na mara nyingi halina kuta pande zote. Tukiliita chumba, twakosea. Tukiliita nyumba, twakosea zaidi, maana nyumba ni kiwanja kizima pamoja na uwanja wake ulio wazi. Neno letu lililo karibu ni banda, ila hatuna budi kuliondolea ule unyonge ulio ndani yake. Upande wa mlimani lipo bale meten, lililofungwa kuta nne, mahali pa kulala na kuweka vitu vya thamani. Upande wa mashariki lipo bale dangin, ambapo jamaa hufanya sherehe zao kubwa: kuchonga meno ya vijana, kuoza, na kumlaza maiti kabla hajatolewa. Upande wa magharibi ni mahali pa wageni na vijana. Jiko, liitwalo paon, na ghala ya mpunga viko upande wa chini. Katika pembe iliyo tukufu kuliko zote, ile ya mlimani na mawio ya jua, vipo vijumba vya ibada ya jamaa, viitwavyo sanggah, ambamo wazee waliotangulia huheshimiwa. Nyuma kabisa ni teba, mahali pa miti, nguruwe na takataka.

Sasa tuupime mfano wa mwili. Twausifu kwa mambo mawili. La kwanza, waonyesha ya kuwa majengo haya yaliyotawanyika ni kitu kimoja. Mgeni akitazama huona vibanda sita au saba, naye akiambiwa ni mwili mmoja ataacha kuuliza nyumba yenyewe ni ipi. La pili, watufundisha ya kuwa cheo cha mahali si sawa na thamani yake. Ghala imewekwa upande wa miguu, lakini mpunga haudharauliwi hata kidogo. Wabali humheshimu Dewi Sri, mungu wao wa kike wa mpunga. Mguu uko chini kwa kuwa ndio ubebao mwili. Asiyeuona mfano huu angeweza kuandika kwamba Wabali hukidharau chakula chao kwa kukiweka chini, nalo lingekuwa kosa kubwa.

Lakini mfano una upungufu, nasi twauona zaidi katika mikono ya waliourudia kuliko katika mkono wa aliyeuandika kwanza. Upungufu wa kwanza ni wa pande za dunia, nao ni kosa la tafsiri. Vitabu vingi vya wageni vyasema ya kuwa kichwa cha nyumba ya Bali huelekea kaskazini mashariki. Maneno ya Wabali wenyewe si hayo. Wao husema kaja na kelod. Kaja ni kuelekea mlimani, na kelod ni kuelekea baharini. Ndani ya neno hili la pili limo neno la bahari, ambalo ni ndugu ya laut katika lugha ya Kimalay. Kwa watu wa kusini ya kisiwa, ambako wageni wengi walikaa, na Covarrubias mmojawao, mlima uko kaskazini, basi kaja yao yaangukia kaskazini. Lakini vuka milima ukafike Buleleng, kwenye pwani ya kaskazini: huko mlima uko kusini, na kaja ni kusini. Pembe tukufu ya nyumba ya kule ni ya kusini mashariki. Mwandishi aliyetafsiri kaja kwa neno kaskazini, akiifikia nyumba ya Buleleng, hana budi kusema ya kuwa watu wale wamejenga kichwa chini miguu juu. Nao hawakukosea, aliyekosea ni kamusi yake.

Hapa twakiri kosa letu wenyewe. Tulipowaeleza wanafunzi habari hii mara ya kwanza, tulichora ramani ya nyumba ubaoni, tukaandika kaskazini upande wa juu wa ubao, kama ilivyo desturi ya ramani zote za shule, tukaendelea. Mwanafunzi mmoja akauliza, Mwalimu, na walio ng’ambo ya pili ya mlima, kichwa chao kiko wapi? Hatukuwa na jibu siku ile. Swali lile ndilo lililotufanya tusome upya, na ndilo chanzo cha maneno haya.

Nasi watumiao Kiswahili tungepaswa kulitambua jambo hili mapema kuliko wengine. Neno letu kaskazini lilikuwa nini kwanza? Lilitoka kwa kaskazi, upepo uletao majahazi. Na kusini lilitoka kwa kusi, upepo uyarudishao. Mabaharia wa pwani hawakupata pande zao katika dira tu, bali katika upepo uliojaza tanga. Baadaye maneno yakapoa, yakawa majina ya ramani, na leo mtoto wa bara huyasema bila kufikiri habari ya chombo wala tanga. Kwa Mbali neno kaja halijapoa. Kila asubuhi atokapo nje, mlima upo pale, na maji ya mashamba yake yatoka huko. Kuligeuza neno lenye uhai kwa neno lililopoa si kutafsiri, ni kulizika.

Upungufu wa pili ni huu: mfano wasema nyumba ni kama mtu, lakini desturi yenyewe yasema zaidi ya kama. Fundi wa majengo huko huitwa undagi, naye hufuata kanuni zilizoandikwa katika majani ya mvumo yaitwayo lontar. Kanuni hizo hujulikana kwa jina la Asta Kosala Kosali. Katika kanuni hizo kipimo cha nyumba hutoka katika mwili wa mwenye nyumba. Huchukuliwa depa yake, yaani upana wa mikono miwili iliyonyoshwa. Huchukuliwa hasta, toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Huchukuliwa ngumi yake na wayo wake. Kisha juu ya kipimo huongezwa kiasi kidogo kiitwacho urip, yaani uhai, ili kipimo kisiwe kikavu.

Wasomaji wetu watatambua mara moja ya kuwa depa ni pima yetu, na hasta ni dhiraa. Wazee wetu walipima nguo na kamba kwa mwili, nasi tukacheka siku zile mfanyabiashara mwerevu alipomtuma kijana mwenye mikono mifupi kupima nguo za wateja. Lakini angalia tofauti. Kwetu mwili ulikuwa kipimo cha bidhaa, na mkono wa mtu yeyote ulitosha. Kwa Mbali mwili upimao ni wa yule atakayekaa humo, wala si wa mwingine. Kwa hiyo nyumba mbili za ndugu wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, hazitalingana kamwe. Tusiseme tu kwamba nyumba yafanana na mtu. Yafanana na mtu huyu.

Na uhai wake si maneno ya mapambo. Nguzo husimamishwa kama mti ulivyoota, upande wa mizizi chini na upande wa kilele juu; kuigeuza ni kosa. Mti umekatwa, umekufa. Jengo likikwisha, hufanywa ibada iitwayo melaspas, ambayo kwayo vitu vilivyokufa, mti na mawe na nyasi, hufanywa kuwa kitu hai chenye kustahili kukaliwa. Kabla ya hapo jengo ni lundo la vifaa lililopangwa vizuri. Mchoraji atakayechora ramani ya nyumba kabla ya melaspas na baada yake atapata ramani moja. Lakini kwa mwenyeji hizo ni vitu viwili mbali kabisa. Basi ramani pekee haiwezi kuwa shahidi wetu.

Upungufu wa tatu ndio ulio mzito kwetu. Mfano wa mwili wataja kichwa, mikono na miguu, lakini hautaji ni nani alishaye mwili huo. Kila siku, chakula kikiisha kupikwa na kabla mtu hajala, vipande vidogo vya jani la mgomba vyenye wali kidogo huwekwa mahali mahali nyumbani: jikoni, kisimani, langoni, penye vijumba vya ibada. Tena zipo sadaka za maua ziitwazo canang, zilizopangwa katika visahani vya majani. Kazi hii yote, toka kusuka majani hata kuzunguka uwanja na uvumba, kwa kawaida ni kazi ya wanawake. Waandishi husifu mpango wa undagi, ambaye ni mwanamume. Lakini undagi alikuja mara moja akaenda zake, na mama wa nyumba huihuisha kila asubuhi.

Tena tufikiri habari ya binti. Azaliwapo mtoto, kondo la nyuma huoshwa, likatiwa ndani ya nazi, likazikwa mbele ya bale meten, upande wa kuume kwa mvulana na upande wa kushoto kwa msichana. Kwa hiyo kila mtoto ana sehemu ya mwili wake ndani ya ardhi ya nyumba, kama sisi tusemavyo pale kilipozikwa kitovu. Lakini msichana akiolewa huaga wazee wake waliotangulia mbele ya sanggah ya baba yake, kisha huwa wa sanggah ya mumewe. Mikono yake hulisha nyumba isiyoshika kondo lake. Iko njia nyingine, iitwayo nyentana, ambapo jamaa isiyo na mwana wa kiume humweka binti kuwa mrithi, na mume huja kukaa kwake. Desturi hiyo yajulikana hasa katika Tabanan. Njia hiyo yathibitisha neno letu: jamaa yaweza kuugeuza mpango wa mume na mke kuliko kuacha kichwa cha nyumba bila mtu wa kukihudumia.

Kukaa ndani ya karang ni deni pia. Katika vijiji vingi kiwanja ni cha kijiji, na akikaaye hudaiwa kazi kwa kijiji na kwa mahekalu yake. Mtu hapati nyumba tu, hupata wajibu. Hili nalo halionekani katika mfano wa mwili, kwa maana mwili wasimama peke yake, na nyumba ya Bali haisimami peke yake.

Twapaswa pia kuonya juu ya neno nyumba ya Bali, kana kwamba ni moja. Nyumba ya mtu wa kawaida huitwa umah, ya mtu wa ukoo mkubwa jero, ya makuhani wa Kibrahmana griya, na ya wafalme puri, yenye nyua nyingi. Na katika vijiji vya kale kama Penglipuran na Tenganan, viwanja vimepangwa kwa safu kando ya njia moja ndefu, na kijiji kizima chaonekana kama nyumba moja. Mwenye kuandika kwamba Wabali wote hujenga hivi au hivi, ameona wilaya moja akaipa jina la kisiwa.

Je, nyumba hii yaendeleaje katika siku zetu? Mwaka 1966 hoteli ya orofa 10 ilifunguliwa pwani ya Sanur, ikapita minazi yote kwa kimo. Katika miaka ya 1970 ikawekwa sheria kwamba jengo lisizidi mita 15, takriban kimo cha mnazi. Sheria hiyo yasifiwa sana, nasi twaisifu. Ila yalinda sura ya nchi kwa mbali tu. Leo wageni hufika kwa mamilioni, na majumba mengi ya kukodishwa kwao yamejengwa na lango zuri, na aling-aling iliyochongwa, na bale penye bwawa la kuogea. Vyote vipo isipokuwa sanggah yenye jamaa. Hapo aling-aling haizuii pepo wala macho, ni pambo. Kinyume chake, mjini Denpasar, ambako ardhi ni haba, zipo jamaa zilizojenga nyumba za orofa za saruji na kupandisha vijumba vya ibada juu ya dari. Mpenda mambo ya kale huliona jambo hili kuwa uharibifu. Sisi twahukumu kwa namna nyingine: nyumba ile ya saruji imepoteza sura na kushika maana, na jumba lile la wageni limeshika sura na kupoteza maana. Iliyo karibu zaidi na nyumba ya mababu ni ile ya saruji.

Yako mafundisho hapa kwa wasomaji wa gazeti hili pia. Mwaka 1939 Wakristo wa Bali walianzisha kijiji cha Blimbingsari, magharibi ya kisiwa. Kanisa lao liliharibiwa na tetemeko la mwaka 1976, nao wakajenga jipya kwa mtindo wa majengo ya Bali. Wengine watasema wamechukua sura tupu, kama wenye majumba ya wageni. Hatukubali, kwa maana sura haijulikani kuwa tupu kwa kuitazama. Yajulikana kwa kuuliza kama wapo watu walioshika wajibu ndani yake kila siku. Kipimo kilekile tulichotumia kwa nyumba ya saruji ndicho tukitumie kwa kanisa.

Basi, ndugu walimu, mtakapowatuma wanafunzi wenu kuandika habari za nyumba za wazee wao, msiwape futi ya kupimia peke yake. Waambieni waulize nyumba huelekea nini, wala wasiandike jina la upande mpaka wamesikia neno la mwenyeji na kujua maana yake. Waulize imepimwa kwa mwili wa nani. Tena wasiondoke bila kumwuliza mama wa nyumba afanyalo kila asubuhi kabla watu hawajaamka. Yule mwanafunzi wetu aliyeuliza habari za watu wa ng’ambo ya mlima hakuwa amesoma kitabu chochote juu ya Bali. Aliuliza tu kama mtu atakaye kuingia ndani, nasi tulikuwa bado twasimama mlangoni.